Paja la Swala Nyumbani kwa Dobi

Shemeji yangu ni dobi, na tangu nimjue hajawahi kumaliza saa nzima bila kuuliza kwa nini. Kwa nini shati jeupe likikaa kabatini linageuka njano na hakuna aliyelivaa? Kwa nini soksi zinakuja mbili na mwenyewe anaapa alileta tatu? Wateja wanamwita Bwana Kwanini, naye anaitika bila kinyongo. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kazini kwake: meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, kamba tatu kutoka ukuta hadi ukuta, na pasi mbili za mkaa. Umeme hauamini. Anasema una tabia ya kuondoka shati likiwa limebakiza mkono mmoja.

Mimi ni mpishi. Nasema mapema mjue anayeongea ni nani. Napikia shule ya wanafunzi mia sita na sijawahi kurudishiwa sahani. Kwa hiyo Jumamosi ile dada yangu, mke wa dobi, aliponiita asubuhi na mapema akisema ana paja zima la swala kwenye beseni na baba anakuja saa saba mchana, nilijifunga kanga, nikachukua kisu changu, nikaenda kifua mbele.

Hapa lazima niwaeleze habari za baba. Alikuwa askari wa wanyamapori mpaka alipostaafu, na anakaa mtaa wa pili tu kutoka kwa dada. Lakini kwa miaka kumi na minne, tangu dada aolewe, hajala hata tonge moja kwa dobi. Anakuja, anakaa, anajulia watu hali, anakunywa maji kutoka kwenye chupa aliyokuja nayo, anaaga. Sababu aliisema mara moja tu, mbele ya watu: "Mikono inayofikicha soksi za mji mzima, ndiyo initengee sahani?" Siku hiyo dobi aliitazama mikono yake kama ndiyo kwanza anaiona. Dada alilia wiki nzima. Hata nguo zake mwenyewe baba alikuwa akizipeleka kwa dobi mwingine ng'ambo ya mji, ingawa magoti yanamuuma, mzee wa watu.

Sasa likaja paja. Mteja mmoja anafanya kazi kwenye shamba linalofuga swala kwa kibali, na dobi alikuwa amemtolea doa la wino kwenye suti siku moja kabla ya harusi ya mwanawe. Akaleta shukrani yake imefungwa kwenye gunia safi. Dada alipoiona tu akakumbuka msemo wa baba: "Nyama ya swala siiulizi imetoka mkono wa nani."

"Leo akila, atakuwa amekula kwangu," dada akaniambia. "Asipokula na leo, mdogo wangu, simwiti tena. Nimechoka kumpikia mtu anayekunywa maji."

Hakuwa anatania. Nilimjua kwa jinsi alivyokuwa akipangusa meza ambayo ilishakauka.

Tukapanga hivi: nichome mimi, na baba aambiwe ni mkono wangu. Dobi abaki chumba cha mbele na pasi zake, asiguse kitu. Akakubali. Wala hakununa. Kule kutonuna kwake kuliniuma kidogo, lakini nilikuwa na haraka.

Nililigawa paja mara mbili. Nusu ya kwanza nikaikata minofu mikubwa, nikaipaka limau, kitunguu saumu na chumvi, nikawasha jiko uani mpaka ndimi za moto zikaruka, nikapanga nyama juu ya wavu. Mbuzi wangapi nimewachoma hivyo! Dakika ishirini upande huu, dakika ishirini upande ule, mambo yakaisha.

Dobi akatokea mlangoni, pasi mkononi.

"Shemeji, kwa nini inalia?"

"Nini inalia?"

"Nyama. Sikiliza." Kweli, ilikuwa ikisema tsss, tsss. "Mbuzi akidondosha mafuta, moto unawaka. Huyu akidondosha, moto unafifia. Basi hayo si mafuta, ni maji. Sasa yakishatoka yote, ndani kutabaki nini?"

"Shemeji, rudi kwenye soksi zako!"

Ndiyo, nilisema. Mdomo wangu hauna breki. Alinitazama kidogo, akarudi zake ndani, nami nikageuza minofu kwa hasira kana kwamba ndiyo iliyosema.

Saa tano na nusu nikaitoa. Kwa nje ilipendeza, usiseme. Dada akachukua kipande, akatafuna. Akatafuna tena. Akaendelea kutafuna mpaka nikaanza kutafuna na mimi, mdomo mtupu. Mwishowe akakitoa, akakaa juu ya ndoo.

"Kamba," akasema. "Umenichomea kamba ya kuanikia."

Nikaonja. Jamani! Mia sita kila siku, na leo naumbuka kwa mtu mmoja. Nilitamani ardhi ipasuke. Dada hakunilaumu, alijifunika tu uso kwa upande wa kanga. Nikaona hapa kiburi hakitanisaidia. Nikaenda chumba cha mbele mwenyewe.

"Shemeji, nisamehe lile neno. Njoo uitazame."

Angekuwa mtu mwingine angenizungusha kwanza. Yeye alishaanza kutembea kabla sijamaliza, anavyopenda kuulizwa! Akachukua kile kipande changu kilichokufa, akakivuta kwa vidole, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha kama anavyokagua kola.

"Angalia, nyuzi zote zimelala upande mmoja. Na hakuna mafuta ya kuzilainisha, hata tone. Shemeji, hii ni hariri. Umeipiga pasi ya jinzi."

Akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, kwa sabuni, mara mbili. Ile nusu iliyobaki akaikausha kwa kitambaa safi, akaipaka mafuta. Akasubiri moto wangu uishe makelele na makaa yavae jivu, akayasukuma yote upande mmoja wa jiko. Kisha akaweka mgongo wa mkono juu yake na kuhesabu. Moja, mbili, akauondoa. Akauhamishia upande usio na makaa. Moja mpaka tano.

"Mbili ni ya jinzi, tano ni ya hariri," akasema. "Lakini kwa nini tusijaribu zote mbili?"

Akakata vipande vitatu vidogo vya kujaribia. Cha kwanza alikichoma kwenye moto mkali tu: nje kimeungua, ndani baridi. Cha pili kwenye moto mdogo tu: kikapauka, kikawa na ladha ya karatasi. Kila kimoja alikionja, akakunja uso, akafurahi. Ndiyo, alifurahi! Sijapata kuona mtu anafurahia kukosea namna ile, na saa inakwenda, na dada anachungulia barabarani kila baada ya dakika. Cha tatu alikibusu kwenye moto mkali kila upande, akakisogezea kwenye moto mdogo, akakitoa upesi.

"Mbichi hiyo!" nikapiga kelele.

"Haijamaliza. Subiri." Akaifunika kwa sahani. "Shati ukilikunja bado lina joto la pasi, linashika makunyanzi. Lazima lipumue kwanza."

Ikapumua. Akaikata kwa kukatisha nyuzi, siyo kuzifuata. Ndani ilikuwa na wekundu kidogo tu, na yale maji yaliyolia kwangu, kwake yalikuwa yametulia mlemle ndani. Nikaonja, nikanyamaza. Waulizeni wanaonijua, hilo hutokea mara ngapi kwa mwaka. Nyama yote iliyobaki akaichoma vivyo hivyo.

Saa saba kamili baba akaingia, chupa yake ya maji kwapani, na lile koti lake la kaki la kazini ambalo halivui hata jua likiwaka. Tukamwamkia, akaitika marahaba, akaketi uani karibu na jiko. Dobi alisharudi kwenye meza yake. Tulisikia pasi ikigonga, tena kwa haraka kuliko kawaida.

Dada akaweka sahani na uma mbele yake. "Kachoma mdogo wangu," akasema.

Baba akanusa. Akachukua kipande kimoja. Akafumba macho. Akachukua cha pili, halafu cha tatu, na dada akashika bega langu akalibinya kwelikweli.

"Binti yangu," baba akaniambia, "kumbe unajua! Watu wote humuua swala mara mbili, porini na jikoni. Wewe ulijuaje wakati wa kumtoa?"

Nikafungua mdomo. Dada ananikazia macho: nyamaza, amekwisha kula, inatosha. Nami nilitaka kunyamaza, sifa ni tamu bwana. Lakini pale chumba cha mbele pasi ilikuwa imeacha kugonga. Alikuwa anasikiliza. Na mimi ndiye niliyemwambia arudi kwenye soksi.

"Sikujua, baba. Ya kwangu imeharibika, iko chini ya lile beseni. Hii kaichoma mume wa dada. Kwa mikono yake ileile."

Baba alikitazama kipande kilichokuwa kwenye uma. Alikitazama muda mrefu, jamani, mpaka nikajuta kuzaliwa na ulimi.

Akakila.

"Mwiteni," akasema.

Dobi akaja akijifuta mikono ambayo ilikuwa imekauka siku nyingi.

"Ulijuaje?"

Akainama tu, akaweka mgongo wa mkono juu ya makaa. "Hesabu na mimi, baba."

Baba akauweka wa kwake pembeni. Mikono miwili juu ya jiko moja, wanahesabu kama watoto wa chekechea. Kwenye tatu baba akauondoa.

"Kwa nini mgongo wa mkono? Kwa nini si kiganja?"

"Kiganja kimeshazoea shida, baba. Hakisemi kweli."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Wakakaa pale saa nzima, huyu anauliza kwa nini, yule naye kwa nini, mimi na dada tukaosha vyombo vyote na hawakutuona.

Alipoaga alipitia chumba cha mbele. Akanusa mkono wa koti lake, akasema limeshika moshi. Akalivua, akatoa miwani mfukoni, akaliweka juu ya meza ya pasi, juu ya nguo za watu.

"Nitalifuata Jumamosi," akamwambia dobi. "Saa saba."

"Kwa nini saa saba, baba? Mimi saa tatu asubuhi litakuwa tay—"

Dada akamkanyaga mguu.