Mbwa Asiye Wake

Fundi baiskeli anayekaa jirani na kibanda changu cha ndizi hapa Nyakahura hasalimu kwa mdomo. Huinua spana tu, nami namwitikia marahaba hata kama shikamoo hajaitoa. Anaishi peke yake. Tangu alipomwokota yule mbwa wa kizungu aliyeachwa barabarani, mwenye masikio marefu ya manyoya, kila asubuhi vidole vyake vya grisi vilimtoa kupe polepole, kama mtu anayechambua mchele. Nikimuuliza jina la mbwa, alijibu, "Hana, bibi. Si wangu. Namtunza mpaka apate wa kumchukua." Jana akapatikana, mwalimu Deodata wa Biharamulo, mama mpole, kaja na kamba mpya.

"Huwa anakula nini?" akauliza.

"Tunakula ugali na dagaa."

Mwalimu akacheka. "Sikukuuliza wewe, baba. Nauliza mbwa."

Fundi hakucheka. Alimfunga kamba yeye mwenyewe, akailegeza kidogo shingoni, akampandisha kwenye gari la mwalimu. Gari lilipoondoka akarudi kukaa, akachukua mpira wa tairi aliokwisha kuuziba, akauzamisha kwenye beseni la maji, akawa anatafuta tundu.