Pini ya Mashine

Harufu ya grisi dukani leo imenikumbusha mashine ya kusaga ya kijiji chetu cha ujamaa, nje ya Sumbawanga. Fundi alikuwa baba. Pini iliyoshika shafti, ule mhimili unaozungusha mashine, ilipokatika, ilibidi apime tundu lake dogo ili achonge nyingine.

"Si uende mjini, Kizwite, ukaazime kipimo cha matundu?" mama alimsihi.

"Rula inatosha."

Haikutosha. Pini mpya ililegea, shafti ikapasuka, mashine ikanyamaza. Wanawake wakarudi kwenye mawe ya kusagia. Hakuna aliyemlaumu baba.

Jioni moja nilimkuta amepiga magoti uani kwa bibi jirani, akimsagia ulezi. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka.

"Acha, mwanangu," bibi alimwambia. "Mwanamume hasagi."

"Niache nimalize, mama," baba alijibu, bila kuinua macho.