Mistari Iliyokataliwa

Niseme ukweli: kazi ile niliifanya kwa hasira. Mama mudogo, yaani mdogo wake mama yangu, alikuwa amepotea na watoto wake wawili. Walishuka kutoka Masisi wakikimbia vita, wakaishi kambini upande wa Lac Vert, nasi hapa Mugunga tulikuwa tunawapelekea chakula kila Jumapili baada ya misa. Kambi ilipobomolewa tulikimbia kwenda kuwachukua, tukakuta mawe meusi na vipande vya hema. Simu yake haikupatikana tena. Mama akaacha kuimba jikoni.

Katekista wetu alikuwa anakusanya orodha kutoka parokia mbalimbali: nani yuko wapi, anamtafuta nani. Aliniomba nitengeneze ukurasa wa kutafutia majina, kwa kuwa nilisoma mambo ya kompyuta.

"Jaribu kwako kwanza," akasema. "Ikitembea muzuri, tutaiweka ku internet."

Kujaribu kwako maana yake kompyuta moja ifanye kazi mbili: iwe mteja na iwe muuzaji. Unaiwekea seva, ile programu inayotoa kurasa, na ghala la kutunzia majina, halafu unafanya kazi bila mtandao. Kwangu mtandao unakula fedha kabla ukurasa haujafunguka, basi rafiki anayefanya kazi ofisini huko Himbi alinipakulia kila kitu kwenye flash. Nilirudi na pikipiki, flash nimeifunga kwenye pindo la kitenge kama sadaka.

Seva ikagoma. Ikasema mlango inaoutaka, yaani namba ya kupitishia kurasa, umeshakaliwa. Nilitukana, nikatafuta asubuhi nzima, kumbe kuna programu nyingine niliyoiweka zamani nikaisahau, imekaa pale mlangoni. Nikaipa seva namba nyingine ya mlango. Ukurasa ulipofunguka nilipiga kelele mpaka mama akaja mbio na mwiko mkononi.

"Watu ya Masisi wanaiona?"

"Hapana, mama. Inaonekana kwa hii mashini tu."

"Eh! Umejenga butike ndani ya chumba ya kulala."

Nilicheka, lakini aliniudhi kidogo.

Ghala nililijenga kama somo la kompyuta la kutoka nje lilivyoelekeza: kila mtu awe na jina la kwanza na jina la pili, lazima. Nilijivunia hiyo lazima. Nilipoingiza orodha za parokia, mashine ikaniambia mistari kadhaa imekataliwa kwa kukosa majina kamili. Nikasema moyoni, hawa makatekista nao, hata kujaza karatasi hawajui! Nikaifunga taarifa ile bila kuisoma.

Kisha nikamtafuta mama mudogo kwa majina yake mawili yaliyo kwenye karte ya mpiga kura. Hakuna. Nikageuza, la pili mbele, la kwanza nyuma. Hakuna.

"Hayuko, mama," nikamwambia. Nilisema kwa uhakika, kama daktari.

Alikaa kwenye kigoda, akaangalia mikono yake. Kesho yake nilimsikia anamwambia jirani, "Mudogo wangu alikuwa anapenda sana maharagi." Alikuwa! Nililisikia neno lile, na bado sikufungua ile taarifa.

Siku ya tatu tulikuwa tunamenya viazi. Mama akauliza bila kuinua macho:

"Ulimuandika namna gani mu ile mashini?"

"Kwa majina yake ya karte."

"Ayi! Nani anamuitaka vile? Hata miye nilishayasahau."

Niliweka kisu chini. Kwetu mwanamke akishazaa, basi. Anaitwa mama wa mtoto wake wa kwanza mpaka kaburini, hata mtoto yule akifa. Mama mudogo alimzika wa kwanza akiwa bado ananyonya, na jina la yule mtoto ndilo tunalomwitia mpaka leo. Nimekulia ndani ya desturi hiyo. Halafu nikakaa mbele ya kompyuta nikadai kila mwanamke wa Masisi alete majina mawili ya shuleni! Niliona aibu, aibu ya mtu aliyesoma akapotelea palepale nyumbani kwake.

Nikanawa mikono, nikafungua mistari iliyokataliwa. Karibu yote ni wanawake. Mama ya huyu, Mama ya yule. Nikawa nasoma kwa sauti, mama amesimama nyuma yangu, nasikia pumzi yake shingoni. Katikati nikafika kwenye jina la yule mtoto mchanga. Mama ya huyo, watoto wawili, wako Sake kwa familia ya mkristo mmoja, namba ya mwenye nyumba hii hapa. Anamtafuta dada yake.

Na dada yake alikuwa ameandikwa "Mama ya" na jina langu, miye kifungua mimba wake. Siku tatu jina langu lilikuwa pale linaniita, nami ndiye niliyelifungia.

"Piga," mama akasema.

Nilipiga, nikampa simu. Mwenye nyumba akapokea, akaita, tukasikia ndara zinakimbia. Kisha sauti ikauliza, "Ni nani?"

Mama yangu ana majina mawili mazuri ya ubatizo na ya ukoo. Hakutaja hata moja.

"Ni miye," akasema, huku analia. "Ni Mama ya..." na akataja jina langu.