Mhudumu wa wodi asiyewaahidi tena watoto "kesho"

Kumekucha Kibiti, na Biasha amepiga magoti kwenye sakafu ya wodi ya watoto, kinyago cha dawa ya usingizi kikiwa usoni mwake. Anavuta pumzi, anafumba macho, anakoroma kwa makusudi. Mudrick, mtoto wa miaka sita anayesubiri kupasuliwa ngiri, anacheka mpaka anashika tumbo.

"Haya, zamu yako," anamwambia. "Kinanuka kama ndala mpya. Ukizinduka utakuwa na kiu, na maji hutapewa papo hapo. Usije ukaninunia."

"Itauma, bibi?"

"Itauma, baba. Ikiuma niambie, nimwite nesi akupe dawa."

Biasha, mwenye umri wa miaka 52, ameajiriwa kupiga deki, kubadili mashuka na kusukuma vitanda. Hili la kuwaandaa watoto alijianzishia mwenyewe, baada ya kuona wengi wanaletwa kwa uongo. Mtoto kaambiwa anakwenda harusini, au kununuliwa viatu Ikwiriri, kumbe anakuja kulazwa. Manesi walipoona vilio vinapungua, wakampa kinyago kisichotumika tena.

Lakini ukimsifu, anatazama pembeni. Anamtaja Hajira.

Hajira aliletwa mwaka juzi kutoka Mbwera, kijiji cha delta ya Rufiji, akiwa na miaka saba, vidole vitatu vya mkono wa kulia vimegandana kwa kovu la uji wa moto. Biasha alimweleza yote: taa kubwa, bandeji, mlango ambapo mama yake, Mwajabu, angeishia. Jioni mtoto akawa anawasimulia wenzake.

"Nikamwambia, kesho asubuhi wewe ndiye wa kwanza," anasema Biasha.

Asubuhi Hajira alivaa gauni la upasuaji bila kusaidiwa, akakaa na njaa yake akitazama mlango. Ndipo akaletwa mjamzito anayevuja damu, na chumba cha upasuaji ni kimoja. Kilipoachwa wazi, daktari bingwa, ambaye huja mara moja kwa mwezi, alikuwa ameshaondoka.

"Alasiri akaniuliza, 'Bibi, kesho yenyewe ndiyo hii?' Nikampa chai, akanipa mgongo."

Walirudi Mbwera. Mwajabu alimleta tena mavuno ya mpunga yalipokwisha. Safari hiyo daktari alikuwepo na chumba kilikuwa wazi, ila Hajira hakutaka hata kumsikiliza Biasha. Aliingizwa akipiga mayowe, ameshikwa na watu wazima watatu.

"Yule mjamzito alipona, na mwanawe yu hai. Alhamdulillahi, simlaumu mtu," anasema Biasha. "Lakini siku ile ya kwanza Hajira angeingia kwa miguu yake. Ile kesho haikuwa yangu, nami nikaitoa."

Vidole viwili vimefunguka. Cha tatu bado, na mtoto anatakiwa kurudi baada ya Ramadhani. Mwajabu amepiga simu kusema kwamba Hajira akisikia tu jina la Kibiti, anakimbilia kwenye mikoko.

Biasha ameomba ruhusa kazini ili apande boti mpaka Mbwera, akakae naye nyumbani kwao kabla ya siku hiyo.

"Nitamwomba radhi. Kisha nitamwambia ninayoyajua. Akiuliza ni lini, nitasema sijui."

Na akikataa kumwona?

Biasha anakunja shuka, analiweka juu ya mengine.

"Nitasemea nje ya mlango," anasema. "Kusikia, atasikia."