Mpira wa Sebuleni

Mume wangu alikuwa karani wa boma pale Newala, wakati Mwingereza bado anatutawala, na sijapata kuona mtu mwenye kujipendekeza kama yeye. Mzungu wake akipiga chafya, yeye keshatoa leso. Basi yule Mzungu alipokwenda likizo kwao Ulaya akataka mtu wa kumtunzia mti wake wa ndani, unadhani nani alijitolea? Akauleta kwetu amelikumbatia kopo lake, jasho linamtoka, akauweka sebuleni karibu na dirisha. Kiti changu akakitoa nje.

Mti wenyewe mpira! Loo, nilicheka. Mpira tuliujua, ule wa porini, wazee walikuwa wakiugema utomvu wake, na hakuna aliyeukaribisha nyumbani. Huu wa Mzungu ulikuwa na majani mapana, mazito, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Hauzai, hauna kivuli, haufai hata kuni. Kazi yake kusimama tu.

"Akirudi akaukuta kijani hivi hivi," mume wangu aliniambia, "mimi ndiye karani mkuu." Nani kamwambia? Hakuna. Kajiambia mwenyewe.

Sasa, aliyeijua Newala ya siku zile anajua kwamba dhiki yetu ilikuwa maji. Kule juu hakuna kisima wala kijito. Sisi wanawake tuliteremka genge mpaka chemchemi ya bondeni, tukangoja zamu, maji yajikusanye, tuteke kwa kata, kisha tupande na debe kichwani mpaka shingo iume. Asubuhi nzima imekwisha hapo. Ndiyo maji ya kunywa, ya kupika, na ya kuoga kama yamebaki. Mume wangu hata chemchemi yenyewe hakuijua, maana mwanamume kujitwisha debe ilikuwa aibu. Lakini kuyachota maji yangu akaumwagilia mti haikuwa aibu! Kisha alilowesha kitambaa, akapangusa jani moja moja, juu na chini, taratibu, huku anapuliza vumbi.

"Mgongo wangu mimi hujapata kuupangusa hivyo," nilimwambia.

Akasema mimi sikusoma.

Nikajifungua. Mama yangu akaja kutoka Chiwata kuniuguza uzazi, maana kwetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na mtoto huogeshwa. Mama, pamoja na umri wake, akateremka genge. Alirudi na debe limejaa, akalitua, akatoka kutafuta kuni. Kurudi, debe halina kitu. Mti unachuruzika maji, sakafu imelowa. Kumbe jani moja lilikuwa limegeuka njano, bwana akaingiwa na hofu, akauogesha mti mzima!

Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana mno. Hawatazamani usoni, hawasemeshani hovyo, sembuse kugombana. Mama angemwambiaje? Alijifunga kanga kiunoni, akaenda kusimama mbele ya mti, akampa mgongo mkwewe aliyekuwa mlangoni.

"Shikamoo, bwana mkubwa," aliuambia mti. "Umeoga vizuri? Mjukuu wangu hajaoga tangu jana, lakini yeye si kitu. Yeye hana Mzungu."

Mume wangu akakohoa. Kumjibu mama hawezi. Haki ya Mungu, naye akaugeukia mti!

"Mwambie mama asikasirike," akasema. "Ukifa wewe, na kazi yangu imekufa."

"Nimesikia," mama akauambia mti. "Basi mwambie mkwe wangu achague. Kesho nikileta maji, ni ya mtoto au ni yako?"

Nilikuwa nimelala chumbani, mlango wazi, mtoto kifuani. Nilijisemea, hili nalo ni la kufikiri? Mume wangu aliinama, akaokota kitambaa chake, akaanza kukausha maji kuzunguka kopo.

"Mwambie mama," alisema, "mti huu ni amana ya watu. Mtoto ni wetu wenyewe, atavumilia."

Atavumilia! Kitoto ambacho hata kitovu hakijadondoka! Nilimchukia palepale, na ninavyosimulia hivi bado namchukia.

Nilipopata nguvu kidogo tulipanda lori la Masasi, mama, mimi na mtoto, tukaenda zetu Chiwata. Mama aliuaga mti kwa adabu zote. Mwenye kuutunza alikuwa kazini.

Alikuja korosho zilipoanza kuanguka, amevaa kaptula nyeupe na soksi ndefu, karani kwelikweli. Mama alipomwona akajificha jikoni, heshima ya ukwe. Mimi nilikuwa natwanga uani, mtoto mgongoni. Nikamwamkia. Aliitikia mbiombio, ana habari imemjaa mdomoni.

"Umetoa jani jipya!" alisema. "Lilikuja limejikunja, jekundu, halafu likafunguka. Mzungu atafurahi sana. Fungasheni, turudi."

Nilingoja aseme la pili. Akaanza kunionyesha kwa mikono upana wa lile jani.

Mwanawe alikuwa ameota jino. Sikumwambia. Niliinua mchi, nikaendelea kutwanga.