Wivu Mbele ya Ukuta wa Majina

Mwanangu aliponialika huko ng'ambo anakosoma, alinitembeza makumbusho mpaka miguu ikavimba. Niliona jembe na mtungi vimefungiwa ndani ya vioo, nikacheka. Kisha akanipeleka kwenye mnara wa mashujaa wa mji ule, kicheko kikaniisha. Mwanamke mmoja mzee alikuwa akipapasa jina lililochongwa ukutani. Alimwambia mwanangu kwamba ni mjomba wake, aliyekufa vitani kabla yeye hajazaliwa. Ndugu yangu, niliona wivu.

Maana nami nilikuwa na wangu. Baba mdogo, kule Nyamigogo, tulipohamia kijiji cha ujamaa. Ndiye aliyetuongoza watoto kupalilia maharage ya shamba la kijiji, huku akipiga mluzi, na tukimaliza akatuchomea mihogo kwenye majivu. Vita ya Kagera ilipoanza, lori likaja kuchukua vijana, naye akiwemo. Bibi alimfungia ndizi za kuchoma katika jani la mgomba. "Nenda, urudi," akamwambia, basi.

Vita ilipokwisha, kijana wa jirani yetu alirudi. Kijiji kizima kilitoka na ngoma. Wa kwetu, mwenyekiti wa kijiji alikuja tu kutuambia kwamba amekufa na mwili haukuonekana. Tangu siku hiyo bibi akawa haitikii salamu ya jirani. Akimsikia kijana yule anacheka upande wa pili wa ua, alifunga mlango mchana kweupe, moshi wa jikoni ukatujaa machoni.

Msimu wa mavuno jirani akaja na kikapu cha maharage.

"Shikamoo, mama."

Bibi hakuinua uso. Jirani akakitua kikapu mlangoni.

"Usiponiitikia sikulaumu, mama. Wangu angebaki huko, hata mimi nisingekutazama."

Bibi alikaa akikitazama kile kikapu.

"Marahaba," akasema mwishowe. "Mwambie kijana wako aje tule. Ila asije na zile buti za jeshi."

Siku hizi palipokuwa na nyumba yetu pamelimwa mahindi. Bibi hayupo, jirani hayupo. Wanajeshi wenzake baba mdogo waliopatikana walizikwa kwa heshima, na ninashukuru. Yeye hana hata rundo la udongo. Yule mama mzee wa ng'ambo ana pa kumgusa mtu asiyemjua. Mimi niliyebebwa mabegani mwa baba mdogo, sura yake imeanza kunipotea.