Champali za Jikoni kwa Bi Fadhiya

Mgeni yeyote aliyeingia jikoni kwa Bi Fadhiya, Mji wa Kale, alipewa champali za mpira avae kabla ya kupewa chai. Jiko la umeme la pale lilimtetemesha kila aliyeligusa kwa miguu mitupu, na wenyeji walishazoea. "Lina ukali kidogo tu," Bi Fadhiya husema, kama anayemsifu paka wake. Maisara, mkaza mwanawe, alivishwa champali hizo fungate ilipokwisha, na tangu hapo ndizo viatu vyake.

Nje, watalii watokao Ngome ya Yesu husimama kupiga picha mlango wa nakshi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza nani anaungua nyuma yake. Jikoni mna dirisha moja, nalo limepigiliwa mbao. Jirani alipoongeza ghorofa, marehemu mume wa Bi Fadhiya alilifunga kwa ajili ya sitara, wanawake wasionekane. Mle ndani Maisara hukaanga sambusa za kuuza. Moshi wa mafuta hupanda, hukosa pa kutokea, humrudia kifuani. Siku hizi kifua chake chalia kama filimbi. Akimweleza mumewe Mbwana, mpakuzi wa mizigo bandarini, jibu ni lile lile: "Mama asemaje?"

Kwa faida ya sambusa akanunua jiko jipya la chuma king'aacho, la kupachikwa mezani. Alidhani amenunua njia ya kutokea.

Fundi Kaingu alikuja kutoka Majengo kuliunga. Akachutama, akaufuata waya wa kijani kwa kidole hadi nyuma ya sinki.

"Bi mkubwa, waya huu wa ardhi aliyeufunga hapa ni nani?"

"Marehemu, kwa mkono wake. Bomba la maji lashuka ardhini. Umeme ukivuja, washuka nalo."

"Alijua kazi yake, Mungu amrehemu. Lakini bomba lilikuwa la chuma." Kaingu aligonga kwa bisibisi, likalia kama ndoo tupu. "Hili ni plastiki."

Maji ya chumvi yalikuwa yamelila bomba la kale, mafundi wa maji wakaweka jipya, na waya ukarudishwa mahali pake kwa heshima zote. Wanawake wa nyumba wakabaki kuhimizana champali.

"Waya haufiki popote," Kaingu akasema. "Umeme ukivuja, njia yake ya kushukia ni huyu dada."

"Huyu ana champali."

"Na siku champali hizo zikikatika, Bi mkubwa? Au sakafu ikiwa na maji?" Akainuka. "Nichimbie fimbo ya shaba uani iupeleke umeme ardhini, nivute waya mpya, na dirisha lifunguliwe, moshi na joto vitoke. Bila hayo siungi kitu. Sitaki kuja kula pilau ya matanga hapa."

"Kwani Mombasa nzima fundi ni wewe? Chukua vyombo vyako!"

Kaingu akaanza kutia vyombo mfukoni. Maisara akampigia Mbwana simu.

"Mama asemaje?" Mbwana akauliza.

Maisara akakata. Sambusa za maulidi ya jirani zilikuwa kwenye sinia, mbichi, zangoja. Akavua champali, akazipanga mlangoni mbele ya mavyaa yake, visigino vimelika upande mmoja.

"Vaa, Mama. Leo pika wewe. Mimi sirudi humo."

"Wanitisha?"

"La. Nakukaribisha jikoni kwako."

Bi Fadhiya akazivaa kwa hasira. Akaingia, akawasha jiko kuukuu, akaweka karai. Moshi ulipoanza, akakohoa, akatazama juu kulikokuwa na mbao, kana kwamba ndiyo kwanza anaziona. Kisha akanyoosha mkono kulisogeza karai, na mkono ukasimama kabla haujafika. Akaitazama miguu yake. Akautazama mkono. Hakugusa.

"Kaingu," akasema bila kugeuka. "Ichimbie hiyo shaba yako. Dirisha usiliguse."

"Bi mkubwa, huo moshi..."

"Nimesema dirisha usiliguse!"

Alasiri fimbo ilizama uani, waya mpya ukafika, jiko jipya likaungwa. Kaingu alilipima mara mbili, kisha akamwashiria Maisara. Maisara akaliwekea kiganja, miguu mitupu juu ya sakafu. Chuma kilikuwa chuma tu. Mwili uliojifunza kuruka ulingoja kutetemeka, haukutetemeka, na machozi yakamtoka.

Akazitumbukiza sambusa za kwanza karaini. Moshi ukapanda, ukagonga dari, ukateremka kumtafuta. Filimbi ikaanza kifuani.

Kaingu alikuwa anafunga mfuko wake.

"Fundi," Maisara akanong'ona, "lile koleo lako la kung'olea misumari."

Kaingu akatazama dirisha, akatazama mlango alikoketi Bi Fadhiya na tasbihi yake.

"Unalitaka leo?"

"Ninalitaka. Siku nitaijua mwenyewe."

Kaingu akalitoa. Maisara akalizamisha ndani ya pipa la unga, akafunika, akageuza sambusa.